Herufi Moja

Kwa miaka thelathini na moja nilikata nusu alama.
Kwa "feza" iliyokosa dh yake,
kwa "mahali mzuri",
kwa mkato uliosimama katikati ya sentensi
kama mgeni asiyebisha hodi,
nilikata.

Chuo chetu kilikuwa ghorofani, nyuma ya soko la Malindi;
chini yetu, duka la vipuri vya pikipiki;
ng'ambo ya barabara, kibao cha Kitaliano
kikiuza aiskrimu.
Nusu ya wanafunzi walikisoma kibao kile
vizuri kuliko ubao wangu.
Hawakukosea. Kibao kililipa.

Saa mbili, fasihi. Mizani kwa vidole:
nane, pumzi, nane.
Pikipiki ikinguruma chini tulinyamaza
vidole vikiwa hewani,
kisha tukaanza upya.

Saa nane, insha. "Siku Nisiyoisahau."
Ee Mola, mabibi waliokufa katika madaftari yale!
Kwa nyoka, kwa mafuriko ya Sabaki,
kwa lori la chumvi kutoka Gongoni.
Kahindi Mwagandi peke yake alimzika bibi yake mara tatu
muhula mmoja,
na kila mara machozi njia mbili mbili.
Niliandika pambizoni: Marehemu apumzishwe sasa.
Nikalisomea darasa. Lilicheka.
Naye alicheka.

Mwezi wa sita bibi akafa kweli.
Hakuna aliyeniambia.
Kahindi alikaa saa mbili mbele ya karatasi,
akaandika jina, akaandika tarehe,
akapiga mstari kwa rula chini ya kichwa,
akainuka.
Kanuni inasema asiyeandika hana alama.
Nikachora sifuri,
duara safi, la mwalimu wa mwandiko.
Nilikuja kujua kwenye foleni ya mahamri,
kwa mwenzake,
matokeo yakiwa yamekwisha bandikwa.

Fomu ya kupandishwa cheo iliuliza: Machapisho?
Nikaandika "hakuna",
nikalitazama kabati,
nikawaza ni vitabu vingapi nimeviandika kwa wino mwekundu
pambizoni mwa watu.
Akapanda aliyekuja na makala mbili
kuhusu makala za wenzake.
Sina kinyongo.
Uongo. Ninacho.
Nusu alama.

Januari hii nimestaafu.
Ofisi ya pensheni, dirisha la pili,
feni inazunguka kama inayelazimishwa.
Barua ya ajira inasema Zaituni.
Kitambulisho kinasema Zeituni.
Miaka yote hiyo niliitikia yote mawili,
mimi, mkata alama,
nisione.

"Mwalimu," ikasema sauti dirishani,
"herufi moja tu ndiyo inayozuia."
Nikainua macho. Upara, miwani,
Kahindi.

Akavuta faili. Akachukua kalamu,
nyekundu, wallahi sikuitunga,
akaizungushia duara ile a,
na pembeni akaandika
kwa mwandiko niliomfunza, ulioelemea kulia:
Herufi moja ni deni, mdai hachoki njia.

Ulikuwa mshororo wangu.
Niliuandika ubaoni mwaka gani, sijui,
mfano wa mizani tu,
nikaufuta kabla ya kengele.

"Lete kiapo cha wakili," akasema. "Alhamisi."
Foleni ikaguna mgongoni mwangu.
Sikuondoka.
Kuna sentensi nimeiandika na kuikata miaka ishirini,
haijapata kitenzi.
"Kahindi," nikasema, "yule bibi yako…"

"Yupi, Mwalimu?
Wa kwanza, wa pili, au wa tatu?"
Mdomo ulitabasamu, macho hayakufuata.

"Wa nne."

Akakifunika kichwa cha kalamu, taratibu,
mpaka kikalia.
Akatazama karatasi zangu kwa muda,
kama mtu anayehesabu,
nane, pumzi, nane.
Halafu akaita anayefuata.